Mashine ya kukereza bakuli: ulizia mwendo wa chini kabla ya nguvu za farasi

Kwenye ukuta wa banda langu la kazi, usawa wa bega, kuna shimo linaloingia ngumi. Lilichimbwa na kipande cha mwembe chenye upana wa inchi 11, ambacho nilikifunga kwenye mashine mpya ya kukereza, ile inayozungusha mti ili uchongwe kwa patasi, siku ya pili baada ya kuinunua. Niliiwasha kwa mwendo wake wa chini kabisa, kama kila anayeanza anavyofundishwa, nikageuka hatua moja kuchukua bobari, patasi yenye mfereji ya kuchongea bakuli, iliyokuwa juu ya rafu, na hatua hiyo ndiyo iliyoniokoa. Mashine ilitetemeka, ikasogea kiganja kizima juu ya meza, na kabla sijafikia swichi kile kipande kilichomoka kwenye sahani ya chuma pamoja na skrubu zake zote nne, kikapita mahali nilipokuwa nimesimama na kuishia ukutani.

Jioni ile nilifungua kifuniko cha mkanda ili nione kama kuna kitu kimekatika. Hakuna kilichokatika. Nilichokikuta ni kibandiko kidogo, kisichozidi ukubwa wa stempu mbili, chenye orodha ya mizunguko kwa dakika kwa kila puli, yaani gurudumu la kupitishia mkanda, na wa kwanza kabisa, ule wa chini, ulikuwa 810. Juu ya boksi waliandika kwa herufi kubwa nyekundu kwamba mashine inabeba bakuli la inchi 12, wakaandika na nguvu za mota, wakaandika na idadi ya kasi zake. Ile namba 810 haikuwepo popote ambapo mnunuzi angeweza kuiona akiwa dukani.

Nilirudi Kariakoo kwa aliyeniuzia. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia, "Dada, hapo ndipo zinapoanzia, zote ziko hivyo." Si kweli kwamba zote ziko hivyo, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika mwongozo huu. Baada ya kueleza kisa changu, msomaji mmoja wa Morogoro aliniandikia kwamba bakuli lake la kwanza la mninga lilimvunjia kioo cha dirisha, na mwingine wa Mombasa akasema ameifungia mashine yake stoo tangu ilipomtisha, huku akiamini kwamba kosa ni lake kwa kuwa hana ujuzi. Nilipowauliza wote wawili wanitazamie namba iliyo chini ya kifuniko cha mkanda, mmoja alinijibu 750, wa pili 850. Kosa halikuwa lao. Waliuziwa mashine isiyoweza kwenda polepole.

Kwa hiyo sitazungumza sana juu ya mambo ambayo kila muuzaji atakutajia bila kuulizwa. Nguvu ya robo tatu ya farasi inamtosha mtu anayekereza bakuli, vyano vidogo, vibweta vya chumvi, vishikio vya mishumaa, kalamu za zawadi na vichezeo vya watoto viitwavyo pia. Urefu wa kitanda cha mashine ni muhimu kwa anayetengeneza miguu ya meza, lakini kwetu sisi inchi 16 kati ya kichwa (upande unaouzungusha mti) na mkia (upande unaousukuma mti kutoka ng'ambo ya pili) zinazidi mahitaji. Mwendo wa juu nao usikusumbue hata kidogo, kwa sababu kalamu na vitu vyembamba huhitaji mizunguko 2,000 hadi 3,000 na karibu kila mashine inaifikia. Hakuna mashine duniani inayoshindwa kwenda kasi. Zinazoshindwa kwenda polepole ndizo zilizojaa madukani.

Nieleze kwa nini nalishikilia jambo hili. Anayekereza bakuli haanzi na mti wa mviringo. Anaanza na nusu ya gogo iliyokatwa kwa msumeno wa mnyororo, mara nyingi ikiwa mbichi, upande mmoja una ganda na mwingine una kiini, huku kuna unyevu mwingi na kule kuna fundo. Hata ukiipima katikati kwa bikari, uzito wake hauko katikati. Tuseme upande mmoja umezidi kwa gramu 200 tu, na gramu hizo ziko sentimita 12 kutoka kwenye mhimili, yaani chuma cha kichwani kinachouzungusha mti. Kwa mizunguko 810 kwa dakika, gramu hizo 200 zinauvuta mhimili kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 17 na nusu, na zinauvuta kila upande kwa zamu, mara 13 na zaidi katika kila sekunde. Kwa mizunguko 250, mvuto huo unashuka hadi chini ya kilo mbili. Kwa mizunguko 96, ni robo kilo. Nguvu hii haipungui sambamba na mwendo, bali hupungua kwa mraba wake, kwa maana kwamba ukipunguza mwendo kwa nusu, mvuto unabaki robo. Mashine nyingi ndogo zina uzito wa kilo 20 na kitu. Ukiipa kilo 20 mtikiso wa kilo 17 mara 13 kwa sekunde, haina namna ila kutembea.

Wakerezaji wana kanuni moja ya zamani ambayo ningependa ibandikwe kwenye kila duka: zidisha upana wa mti kwa inchi na mizunguko ya mashine kwa dakika, na jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 12, kwa kanuni hiyo, linataka mizunguko kati ya 500 na 750. La inchi 10 linataka 600 hadi 900. Kikombe cha inchi 4 kinaweza kwenda 1,500 hadi 2,250. Lakini kanuni hii ni ya mti ambao umekwisha kuwa duara na kutulia. Dakika zile za kwanza, wakati bobari bado inagonga pembe na kupita hewani, unatakiwa kuwa chini sana ya hapo, na unapanda taratibu kadiri mti unavyozidi kuwa mviringo. Mashine inayoanzia 750 au 810 ina maana kwamba unaanza kazi pale ambapo mwenzako anamalizia.

Neno kukereza tunalo sisi wenyewe tangu zamani, kabla ya umeme kufika pwani yetu. Matendegu ya vitanda vya Lamu na Unguja yalikerezwa kwa mikono, fundi akiuvuta upinde mbele na nyuma ili mti ugeuke, huku patasi ikila mti kwenye mvuto wa upande mmoja tu. Ninalipenda jambo hili kwa sababu fundi yule mwendo wake ulikuwa mkononi mwake. Mti ukikataa, alipunguza. Akifika penye fundo, alivuta nusu ya upinde. Mashine ya umeme isiyokupa uhuru huo imekunyang'anya kitu ambacho babu yako alikuwa nacho.

Dukani, basi, fanya hivi. Kwanza mwombe muuzaji afungue kifuniko cha mkanda na usome kibandiko cha ndani kwa macho yako. Usikubali kusomewa. Pili, kama anakubali kuichomeka, chora alama ya chaki kwenye ncha ya mhimili, mwambie aiwashe kwa mwendo wa chini kabisa, kisha tazama saa na uihesabu ile alama inavyopita kwa sekunde 15. Mashine ya mizunguko 96 itakupa 24, na utazihesabu kwa utulivu kama unavyohesabu punje za tasbihi. Ya 250 itakupa kama 62, na utazipata kwa shida kidogo. Ya 810 hutaiona alama kabisa, utaona ukungu mweupe tu. Ukishindwa kuhesabu, funga pochi yako.

Kuna mtego mmoja ndani ya mtego huu. Baadhi ya mashine zina kitufe cha kuzungusha cha kubadili mwendo kwa umeme, na kitufe hicho kinashuka chini vizuri, lakini ndani kuna puli moja tu. Ukiushusha mwendo kwa umeme peke yake, nguvu ya mashine nayo inashuka, hivyo alama ya chaki itapita polepole na utafurahi, kisha siku utakapougusa mti kwa patasi mota itasimama na kuanza kunuka. Inayofaa ni ile yenye vyote viwili, yaani kitufe cha umeme pamoja na puli za ngazi tatu, ili mkanda ukiwa kwenye ngazi ya chini mota iendelee kuzunguka kwa kasi yenye afya huku mhimili ukienda taratibu. Hesabu ngazi za puli wakati kifuniko kiko wazi.

Sasa nitaje ninazozipendekeza, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Coronet Herald ya Record Power kutoka Uingereza, na sifichi kwamba naipenda kampuni hii. Katika karakana ya shule niliyosoma, jiliwa, kibano cha chuma cha kushikia kazi, lililofungwa kwenye kila meza lilikuwa la rangi ya bluu lenye jina la Record, jina lililoanza Sheffield mwaka 1909, na sikumbuki hata moja lililopasuka ingawa tulikuwa tukiyapiga kwa nyundo tusivyopaswa. Najua kwamba waliotengeneza majiliwa yale na wanaouza mashine za kukereza leo si kampuni moja tena, lakini nimetumia Herald kwa mwaka wa pili sasa na imani yangu haijatikisika. Inabeba mti wa inchi 14 juu ya kitanda, mwendo wake unaanzia mizunguko 96 na kufika 3,890, na ina kitufe cha umeme pamoja na puli za ngazi. Kichwa chake kinageuka, kwa hiyo unapochimba tumbo la bakuli husimami ukiwa umejikunja juu ya kitanda, unasimama wima mbele yake. Mimi nina mgongo mbaya, na jambo hilo peke yake lingenifanya niinunue tena.

Jambo jingine linalonifanya niiweke mbele ni umeme. Uingereza inatumia volti 230 na hezi 50, sawa na kwetu, na plagi yao ya miguu mitatu ya bapa ndiyo hii hii iliyoko kwenye kuta zetu. Nilipoitoa kwenye boksi niliichomeka na kuiwasha. Hakukuwa na transfoma wala fundi wa kubadili waya. Kipande cha mkongo nilichokifunga siku hiyo kilikuwa kizito upande mmoja kiasi kwamba nilipokizungusha kwa mkono kilirudi chenyewe na upande wa ganda ukalala chini. Nilisogeza mkia ukakigandamiza, nikaanza kwa 96, na mti ukazunguka mbele yangu kama feni inayotaka kusimama. Niliona kila pembe ikija. Bobari iligonga tok, tok, tok, kwa mpigo ambao mkono wangu uliweza kuufuata, na kadiri pembe zilivyopungua ule mlio uliungana ukawa mmoja, ndipo nilipoongeza hadi 300, kisha 500. Tangu kuanza hadi bakuli kuwa duara sikurudi nyuma hata mara moja kwa hofu.

Ubaya wake ni bei na usafiri. Ni chuma cha kuyeyusha, ni nzito, na uzito huo unaulipia melini. Mimi niliweka akiba kwa miezi mingi, na fedha niliyoitupa kwenye mashine ya kwanza ingenipunguzia safari hiyo.

Ya pili itawashangaza baadhi ya wasomaji, kwa kuwa haiuzwi dukani. Ni mashine ya kuchongeshwa hapa hapa. Ukienda Keko, Dar es Salaam, utawakuta mafundi wanaokereza miguu ya vitanda na makochi kutwa nzima kwa mashine walizoziunga wenyewe kwa chuma cha pembe, zenye mota inayozunguka mara 1,440 kwa dakika. Kwa mguu wa kochi wa inchi 3 mwendo huo ni salama kabisa, kwa maana 3 mara 1,440 ni 4,320, chini ya kanuni niliyoitaja. Kwa bakuli la inchi 12 hesabu inafika 17,280, na hapo mtu asisogee. Mzee mmoja wa huko nilimuuliza kama amewahi kukereza bakuli kubwa akanijibu, "Mwanangu, hiyo mashine inataka vitu vyembamba, ukiipa kinene inakasirika." Alikuwa anasema jambo lile lile kwa lugha yake.

Lakini mashine ile ile inaweza kutulizwa. Mwambie fundi afunge mota ya umeme wa njia tatu badala ya ile ya njia moja, na kati ya mota na ukuta aweke inverta ya kubadili hezi, ile inayopokea umeme wa nyumbani wa njia moja na kutoa wa njia tatu. Mota iwe ile iliyoandikwa volti 230/400, na waya zake ndani ya kiboksi ziungwe kwa mtindo wa pembetatu, kwa sababu inverta ya aina hii inatoa volti 230 na siyo 400. Kisha puli ya mota iwe ya inchi 2 na puli kubwa ya mhimili iwe ya inchi 6, na kando yake ziwekwe ngazi nyingine mbili za kupandishia mwendo. Kwa mpango huo, inverta ikiwa kwenye hezi 50 mhimili utaenda mizunguko 480, na ukiishusha hadi hezi 20 utaenda 192, mwendo mzuri kabisa wa kuanzia. Usiiache mota hezi za chini kwa muda mrefu, kwa kuwa feni yake ya kujipooza iko kwenye mhimili wake yenyewe, na ikienda polepole feni nayo inalegea na mota inachemka. Hiyo ndiyo sababu ya kudai puli kubwa badala ya kuitegemea inverta kwa kila kitu.

Mashine ya namna hii naipenda kwa sababu ikiharibika aliyeiunga yuko safari moja ya daladala kutoka kwangu. Inachokosa ni usahihi. Kabla hujamlipa fundi, sogeza mkia hadi ncha yake ikutane na ncha ya kichwa. Zikigusana nukta kwa nukta, mlipe. Zikipishana hata unene wa kucha, arekebishe kwanza, kwa sababu mti utakaokazwa kati ya ncha mbili zisizotazamana hauwezi kutulia kwa mwendo wowote.

Ya tatu ni Comet II ya Nova, jina lililoanzia New Zealand. Inabeba inchi 12 na mwendo wake umegawanywa kwa puli tatu, ya kwanza kutoka 250 hadi 750, ya pili 550 hadi 1,650 na ya tatu 1,350 hadi 4,000. Namba 250 si ndogo kama ningependa, lakini inatosha ikiwa umeupunguza mti pembe zake kwa msumeno kabla ya kuufunga. New Zealand nayo iko kwenye volti 230 na hezi 50, kwa hiyo ulizia toleo la huko na siyo la Marekani.

Ya nne ni JWL-1221VS ya Jet, na hapa lazima niwe mkweli kwa wasomaji wangu. Kama kipimo kingekuwa mwendo wa chini peke yake, hii ingekuwa ya kwanza na kuipita hata Herald, kwa sababu inaanzia mizunguko 60 na kufika 3,600, ina ngazi tatu za puli, inageuza mzunguko kwenda kinyume wakati wa kupiga msasa, na kioo chake kidogo kinakuonyesha mwendo ulionao. Naiweka nyuma kwa sababu ya umeme. Ile inayoletwa na ndugu walioko Marekani ni ya volti 115, ukiichomeka kwenye ukuta wa Dar es Salaam kama ilivyo utaiunguza. Utahitaji transfoma ya kushusha volti, tena yenye uwezo mkubwa kuliko mota kwa kuwa mota inapoanza hunywa umeme mwingi, na transfoma haibadili hezi 60 kuwa 50 wala 50 kuwa 60. Kama una ndugu anayeweza kukuletea ndani ya kontena lake na una fundi umeme unayemwamini, uichukue. Kama huna, usianze safari hiyo.

Kabla sijafika kwenye za bei rahisi, nina malalamiko na nitayasema. Tangu niandike kisa cha shimo la ukutani nimejaribu kuuliza wauzaji wengi wa mitandaoni swali moja lile lile, "Mwendo wa chini ni mizunguko mingapi?" Wengi walinijibu kwa picha ya boksi. Wengine walinijibu "ina kasi tano", jibu ambalo haliniambii chochote, kwa sababu kasi tano zinazoanzia 810 ni hatari tano. Mmoja aliniambia nilipie malipo ya awali kwanza ndipo afungue boksi. Na bei haiandikwi. Unaambiwa uje faragha, ukienda faragha unaulizwa uko wapi na unafanya kazi gani, na bei inayotajwa baada ya hapo inategemea majibu yako. Nilimwomba kaka yangu aulizie mashine ile ile kwa muuzaji yule yule saa moja baada yangu, naye akatajiwa bei ya chini kuliko yangu. Wapo wanaoitaja kwa dola, ilhali tangu mwaka 2025 kanuni za Tanzania zimekataza bei za ndani ya nchi kutangazwa kwa fedha za kigeni. Mtu anayenunua mashine inayoweza kumtoa jicho ana haki ya kuijua bei yake na kuijua namba yake ya chini kabla ya kutoa senti, na muuzaji asiyejua namba hiyo hajui anachouza.

Jambo jingine dogo ambalo wauzaji hawalitaji ni uzi wa mhimili, yaani mikato ya skrubu iliyoko kwenye ncha yake. Herald ya Uingereza ina uzi wa M33, yaani wa upana wa milimita 33, mashine nyingi za Marekani zina uzi wa inchi moja wenye meno 8 kwa inchi, na nyingi za bei ndogo zina M18. Chaki ya meno manne ya kushikia bakuli (kishikio cha chuma, si chaki ya kuandikia) lazima ilingane na uzi huo, la sivyo utanunua chaki nzuri isiyoingia. Andika aina ya uzi kwenye karatasi na uende nayo dukani. Wala usimalize fedha zako zote kwenye mashine, kwani bila chaki na bobari moja ya chuma kigumu cha HSS ya inchi 3/8 hutakereza bakuli lolote.

Nimeulizwa sana kuhusu mashine ndogo za bei rahisi. Za inchi 8, kama zile za WEN zinazoanzia 750 na kuishia 3,200, zinafaa kwa kalamu, pia za watoto, vishikio vya funguo na vikombe vya mayai. Za inchi 10 na 12 zinazoanzia 750 au zaidi sizipendekezi kwa mtu yeyote, kwa bei yoyote.

Kwa aliyekwisha kuinunua, kama nilivyoinunua mimi, hii hapa namna ninavyoitumia ile ya kwangu hadi leo. Sifungi mti unaozidi inchi 6. Kila mti naukata duara kwanza kwa msumeno na kukwangua ganda lote, kisha naufunga na kuuzungusha kwa mkono, na kama upande mmoja unarudi chini wenyewe nautoa na kuupunguza upande huo hadi uache kurudi. Mkia unaugandamiza mti hadi dakika ya mwisho inayowezekana. Chini ya meza kuna rafu, na juu ya rafu hiyo kuna viroba vitatu vya mchanga. Ninapobonyeza swichi nasimama ubavuni, upande wa kichwa cha mashine, na siingii mbele ya mti hadi nihesabu kumi. Fundi mmoja ananichongea puli mpya ya mhimili, kubwa kuliko iliyokuja na mashine, itakayoishusha 810 hadi karibu 400 ikiwa kifuniko cha mkanda kitakatwa ili kuipa nafasi. Akimaliza, nitachora alama ya chaki na kuihesabu.